Saratani ya kongosho: Sigara ni hatari inayoepukika

SARATANI ya kongosho ni miongoni mwa saratani zinazoua haraka, kwa sababu tezi hiyo imejificha nyuma ya mfuko wa chakula na dalili zake huchelewa kujitokeza. Mwaka 2022 ilikadiriwa kuwapata watu wapya 510,000 duniani na kuua 467,000.

Katika Manispaa ya Morogoro, ambako tumbaku husindikwa viwandani, ni vema ikafahamika kuwa uvutaji sigara huongeza hatari ya ugonjwa huu takriban mara mbili. Anayeacha hupunguza hatari hiyo kadiri miaka inavyopita. Visababishi vingine ni unene uliokithiri, kisukari, uvimbe sugu wa kongosho, ambao mara nyingi hutokana na ulevi, pamoja na umri mkubwa na kurithi.

Hakuna kipimo cha kuwachunguza watu wote wasio na dalili. Hivyo mkazi wa mjini, au wa Mgeta na Matombo katika Milima ya Uluguru, asipuuze macho kuwa ya manjano, kukonda, maumivu ya tumbo yanayofika mgongoni, au kisukari kinachoanza ghafla uzeeni. Aende hospitali mapema. Dawa za kujinunulia humpotezea muda.

Upasuaji wa mapema ndio wenye matumaini ya kuponya. Nchini Marekani, wagonjwa wapatao 13 tu kati ya 100 huishi miaka 5 baada ya kugunduliwa. Ambao uvimbe haujasambaa hufikia 44.