Zamani walilipa ili wafanye kazi

Katika riwaya ya David Copperfield, iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1849 na 1850, Charles Dickens anampeleka kijana wake London kujifunza uwakili wa mahakama za kanisa. Shangazi wa baba yake, Betsey Trotwood, anatoa pauni 1,000 ili David apokelewe katika ofisi ya Spenlow na Jorkins. Baadaye shangazi anafilisika, na David anakwenda kuomba mkataba uvunjwe, angalau sehemu ya fedha irudi. Bwana Spenlow anamsikiliza kwa huruma zote. Yeye binafsi hana neno, anasema, lakini mshirika wake Bwana Jorkins ni mtu mgumu, hatakubali. David anapanda ngazi kumwona Jorkins mwenyewe, na huko anaambiwa kwamba mwenye pingamizi ni Bwana Spenlow. Fedha haikurudi.

Dickens hakuyabuni hayo hewani. Mwaka 1827, akiwa na umri wa miaka 15, aliajiriwa katika ofisi ya mawakili ya Ellis na Blackmore, Gray's Inn, kwa shilingi chache kwa wiki. Hakuwa mwanagenzi wa sheria, alikuwa karani wa kutumwa huku na kule. Baba yake alikwishafungwa kwa madeni mwaka 1824, hivyo wa kumlipia ada ya uanagenzi hakuwepo.

Hapa inafaa kueleza kidogo jinsi Waingereza walivyoigawa kazi hii. Katika England na Wales wapo mawakili wanaovaa majoho na nywele bandia na kusimama mbele ya majaji, na wapo masolisita, ambao hukaa ofisini, hupokea wateja, huandika mikataba na wosia na kuandaa kesi. Sheria ya mwaka 1729 ilimtaka yeyote anayetaka kufanya kazi ya kundi hili la pili atumikie miaka 5 chini ya mkataba wa uanagenzi kwa mzoefu. Mwaka 1794 serikali ya Waziri Mkuu Pitt, iliyokuwa ikisaka fedha za vita, ikautoza mkataba huo ushuru wa stempu wa pauni 100 kwa waliolenga mahakama za Westminster. Huo ulikuwa ushuru tu. Ada ya mwenye ofisi ilikuwa juu yake, na mshahara kwa kawaida haukuwepo. Kijana alilipa ili afanye kazi.

Matokeo ya kwanza yanaonekana bila darubini: uwakili ukawa wa watoto wa wenye nacho. Matokeo ya pili ndiyo yaliyodumu zaidi. Mwanagenzi alifungwa kwa mkubwa mmoja, na bila mkubwa huyo kuthibitisha kwamba ametumikia miaka yake yote, miaka hiyo ilipotea. Kulalamika kulikuwa kukata tawi ulilokalia. Law Society, chama cha masolisita kilichoanzishwa mwaka 1825 na kupata hati ya kifalme mwaka 1831, kilikuwa chama cha waajiri wa mwanagenzi huyo.

Sauti mojawapo ya mwanzo ya vijana kukikabili chama hicho waziwazi ilitoka kwa watu ambao hata mlangoni walikuwa hawajafika. Mwaka 1912 wanawake wanne, Gwyneth Bebb, Karin Costelloe, Maud Ingram na Lucy Nettlefold, waliomba kufanya mtihani wa awali wa Law Society. Bebb alikuwa amesoma sheria Oxford na kufikia kiwango cha daraja la kwanza, ingawa chuo hicho wakati huo hakikuwapa wanawake shahada. Walikataliwa, wakaenda mahakamani. Walishindwa mbele ya Jaji Joyce mwaka 1913, na kabla mwaka haujaisha Mahakama ya Rufaa nayo ikawakatalia, ikiegemea hoja kwamba tangu enzi hakuna mwanamke aliyewahi kuwa wakili, na kwamba mwanasheria Edward Coke wa karne ya 17 alishasema haiwezekani. Kwa maneno mengine, hawawezi kwa kuwa hawajawahi. Mimi nimeisoma hoja hiyo mara kadhaa na bado sioni tofauti yake na ya mzee wa mtaani anayekataa kubadilisha njia ya kwenda sokoni.

Bunge ndilo lililolikata fundo kwa sheria ya mwaka 1919 iliyoondoa kizuizi cha jinsia. Bebb alifariki mwaka 1921 baada ya matatizo ya uzazi, akiwa hajavuna alichokipanda. Maud Ingram, ambaye sasa aliitwa Maud Crofts, alikuwa miongoni mwa wanne waliofaulu mitihani mwaka 1922, pamoja na Carrie Morrison, Mary Pickup na Mary Sykes. Inasimuliwa kwamba walishindana mbio barabara ya Chancery Lane kuamua nani asajiliwe kwanza, na Morrison akashinda. Kama mbio zilikuwepo kweli au zimeongezwa utamu na wasimulizi, jina la Morrison ndilo lililotangulia kwenye daftari. Wanawake hao wa mwanzo waliunda chama chao kidogo, wakakiita 1919 Club. Walikutana kupeana habari za kazi na kutiana moyo katika fani ambayo wateja wengi na wenzao wengi hawakuwataka. Vyama vya vijana vilivyofuata vimefuata mtindo huo huo: jioni baada ya kazi, bila malipo, mwenye miaka miwili kazini akimshika mkono mwenye miezi miwili.

Utaratibu wa uanagenzi ulisafiri na himaya, ukatua kwetu pia. Mwanzoni mwa 1961 kamati iliyoongozwa na jaji Lord Denning ilitoa ripoti juu ya elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, ikishauri wafundishwe nyumbani badala ya wote kwenda kula chakula cha jioni katika vyama vya mawakili vya London, kama kanuni zilivyodai. Mwaka huohuo kitivo cha sheria kikafunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 1963 Kenya School of Law ikaanza Nairobi, ikifundisha vijana waliokuwa wakitumikia mikataba ya uanagenzi katika ofisi za mawakili. Wakenya wanaofanya uanagenzi wa miezi 6 leo chini ya wakili mzoefu ni warithi wa mkataba ule wa 1729, na malalamiko yao juu ya posho yangeeleweka mara moja kwa mwenzao wa Leeds.

Uingereza yenyewe ada za kuingilia zilififia baada ya Vita Kuu ya Pili, na taratibu mshahara ukaanza kuelekea upande wa kijana. Mwaka 1982 Law Society ikaweka kima cha chini kwa wanagenzi. Mwaka 1990 jina la zamani likaachwa: mwanagenzi akaitwa solisita mwanafunzi, na mkataba wake ulikuwa wa miaka 2. Kufikia wakati huo vijana walikwisha kuwa na vikundi viwili ndani ya Law Society, kimoja cha wanafunzi na kingine cha masolisita wapya. Mwaka 2008 viliunganishwa kuwa Junior Lawyers Division, JLD. Uanachama ulikuwa wa bure, ukiwachukua wanafunzi wa kozi ya uwakili, walio mafunzoni na waliosajiliwa kwa muda usiozidi miaka 5. Miji mingi ilikuwa na tawi lake. Viongozi walijitolea, wakiendesha kamati huku wakidaiwa saa zao za kazi na wakubwa walewale ambao pengine wangepaswa kuwakosoa.

Mtihani wao mkubwa ulikuja mwaka 2012. Wakati huo udhibiti wa fani ulikuwa umetenganishwa na chama: tangu 2007 kazi hiyo ilikuwa ya Solicitors Regulation Authority, SRA. Mei 2012 bodi ya SRA iliamua kufuta kima cha chini cha mshahara wa masolisita wanafunzi. Hoja yake ilikuwa kwamba mdhibiti hapangi mishahara, na kwamba ofisi zikipunguziwa mzigo zitafungua nafasi zaidi. JLD ikapinga kwa hesabu. Kima kilikuwa pauni 18,590 London ya kati na 16,650 kwingineko. Kozi ya uwakili, anayoilipia kijana mwenyewe kabla hajapata nafasi, ilizidi pauni 10,000 katika vyuo vingi. Kima hicho kikiondoka, kinachobaki ni kima cha chini cha taifa, ambacho kwa viwango vya 2014 na wiki ya saa 35 ni kama pauni 11,500 kwa mwaka. Mtoto wa daktari atavumilia, atalala kwa wazazi. Mtoto wa dereva wa basi ataacha.

Walishindwa. Tarehe 1 Agosti 2014 kima kikafutwa. Faraja pekee ilikuwa kwamba SRA haikuruhusu kile kiwango duni zaidi cha wanagenzi wa kawaida kitumike. Vijana hawakunyamaza, wakaigeukia Law Society, ambayo sasa haikuwa na mamlaka ya kulazimisha lakini ilikuwa na mdomo. Novemba 2015 chama kikatangaza kima cha kupendekezwa: pauni 20,276 London na 18,183 nje yake. Ni pendekezo, ofisi isiyotaka haifungwi nalo. Hata hivyo kijana anayefanya usaili alipata namba ya kuitaja mezani, iliyotiwa muhuri na chama cha wakubwa wenyewe. Kufikia siku hiyo, wengi wa waliopiga kelele mwaka 2012 walikwisha kusajiliwa, na namba hiyo haikuwahusu tena. Hapo ndipo udhaifu wa vyama hivi ulipo: ujana wa kazini hauchukui muda, na kila kamati mpya hujifunza upya yale ambayo kamati iliyopita ilikwisha kuyajua.

Baada ya mshahara, kilichowasumbua zaidi kilikuwa afya ya akili. Katika uchunguzi wa JLD wa mwaka 2019, zaidi ya vijana 9 kati ya 10 waliojibu walisema walikuwa na msongo mwezi uliotangulia. Tangu mwaka 1997 ilikuwepo LawCare, shirika lililotokana na juhudi za kuwasaidia masolisita wenye tatizo la pombe, na ambamo wanasheria hujitolea kuwasikiliza wenzao. JLD ikaandika mwongozo kwa waajiri. Lakini Novemba 2018 Mahakama Kuu ilikwisha kuamua kwamba msongo na presha za ofisini hazitoshi kumwokoa solisita aliyedanganya asifutwe kwenye daftari. Mmoja wa waliohusika alikuwa kijana aliyeandika tarehe za nyuma kwenye barua. JLD ikamwandikia mdhibiti kuuliza: na ofisi iliyomweka katika hali hiyo je?

Mwaka 2020 baraza la nidhamu likamfuta solisita mwingine mpya. Alisahau mkoba wenye nyaraka za mteja kwenye treni, akaogopa, akasema ameuacha nyumbani. Juu ya kufutwa, akaamriwa kulipa gharama za pauni 10,000. Safari hii fani iliitikia kwa vitendo. Mawakili walimwakilisha bila kudai ada, watu wakamchangia fedha, na shauri likarudishwa kusikilizwa upya. Waliomtetea walikuwa wazoefu, lakini kelele zilizowafanya wamtazame zilipigwa kwa sehemu kubwa na wa umri wake. Kila mmoja wao alijua mkoba huo ungeweza kuwa wake.

JLD yenyewe haipo tena. Law Society iliivunja na kuweka Junior Solicitors Network mahali pake, yenye kamati ya kujitolea kama zamani. Na tangu Septemba 2021 njia ya kuingia imebadilika: mtihani mmoja wa taifa, na miaka 2 ya uzoefu inayoweza kukusanywa katika ofisi hadi 4, ikiwemo kliniki ya msaada wa kisheria. Saini bado inahitajika. Ila anayesaini hathibitishi kwamba kijana anafaa kuwa solisita, anathibitisha tu kwamba kazi ilifanyika, na kama ndani ya ofisi hakuna solisita wa kufanya hivyo, kijana anaweza kumpata wa nje. Rungu ambalo mwenye ofisi alilishika kwa karibu miaka 300 limepungua uzito mno, na aliyelipunguza ni SRA ileile iliyowafutia kima cha mshahara.