Jiji linapofilisika: Masaibu ya wastaafu wa Detroit

MNAMO Julai 18, 2013, jiji la Detroit katika jimbo la Michigan, Marekani, liliwasilisha ombi mahakamani likitaka litambuliwe kuwa limefilisika. Madeni yake yalikadiriwa kufikia dola bilioni 18. Hakuna jiji jingine la Marekani lililowahi kufilisika likiwa na madeni makubwa kiasi hicho.

Kampuni inapofilisika, mali yake huuzwa na milango ikafungwa. Jiji haliwezi kufungwa. Taka lazima zizolewe, maji yatiririke na askari washike doria. Kwa sababu hiyo, sheria ya shirikisho la Marekani, ambayo chimbuko lake ni miaka ya 1930, huliruhusu jiji kuendelea na shughuli zake huku jaji akisimamia mapatano kati yake na wadai. Hata hivyo, jaji hana uwezo wa kuliamuru liuze mali yake.

Chanzo cha masaibu ya Detroit ni kupungua kwa watu. Mwaka wa 1950, viwanda vya magari viliponawiri, jiji hilo lilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.8. Kufikia sensa ya 2010, walikuwa wamebaki takriban 714,000. Viwanda vilihama au kufungwa, na wenye uwezo wakahamia vitongoji vilivyo nje ya mipaka ya jiji, wakaondoka na kodi zao.

Jiji lilijaribu kuziba pengo hilo kwa kupandisha kodi. Mkazi alitozwa asilimia 2.4 ya mapato yake, na asiye mkazi lakini anayefanya kazi jijini asilimia 1.2. Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya nyumba na ardhi iliyotozwa kwa kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa na sheria, kodi ya matumizi ya umeme na gesi, pamoja na ushuru wa kasino. Lakini kodi ikizidi, mlipaji hukimbia au hushindwa. Bei za nyumba ziliporomoka, na wamiliki wengi wakaacha kabisa kulipa. Wakati wa kufilisika, takriban asilimia 40 ya taa za barabarani hazikuwa zikiwaka.

Mapato yakishuka, jiji laweza kupunguza wafanyakazi, lakini haliwezi kuwapunguza wastaafu. Kila mfanyakazi huahidiwa malipo ya uzeeni tangu siku anapoajiriwa, na ahadi hiyo hudumu hadi anapofariki. Utaratibu unaofaa ni jiji na mfanyakazi kuweka akiba kila mwaka katika hazina maalumu, akiba hiyo iwekezwe, nayo faida ilipe pensheni. Jiji lisipochanga vya kutosha, au hazina ikigawa faida ya miaka ya neema badala ya kuihifadhi, pengo huachiwa kizazi kijacho. Detroit ilifanya yote mawili. Kufikia 2013, wastaafu wake walikuwa takriban maradufu ya wafanyakazi waliokuwa kazini.

Mwaka wa 2005 na 2006, jiji lilikopa zaidi ya dola bilioni 1.4 ili kujaza hazina hizo. Kwa hakika, lilikuwa likilipa deni kwa deni. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulipopunguza thamani ya uwekezaji, lilibaki na mikopo mikononi na pengo la pensheni palepale. Kevyn Orr, meneja wa dharura aliyeteuliwa na serikali ya jimbo mnamo Machi 2013, alikadiria pengo hilo kuwa dola bilioni 3.5, mbali na gharama za matibabu ya wastaafu, ambazo zilikuwa kubwa zaidi.

Wastaafu walitegemea Katiba ya Michigan, ambayo hukataza kupunguza pensheni iliyokwisha kupatikana kwa kazi. Mnamo Desemba 3, 2013, Jaji Steven Rhodes aliamua kwamba pensheni ni mkataba kama mikataba mingine, na kwamba sheria ya shirikisho kuhusu ufilisi yaweza kuipunguza. Uamuzi huo uliwashtua watumishi wa umma kote Marekani.

Baadhi ya wadai walitaka michoro ya jumba la sanaa la jiji, zikiwemo kazi za Vincent van Gogh, iuzwe. Mashirika ya wakfu, serikali ya jimbo na jumba lenyewe yaliahidi takriban dola milioni 816, zitolewe katika muda wa miaka 20. Fedha hizo zingeokoa michoro na wakati huohuo kupunguza makato ya wastaafu. Wengi wa wastaafu waliopiga kura waliukubali mpango huo, nayo mahakama ikauidhinisha mnamo Novemba 7, 2014.

Wastaafu wa kawaida walikatwa asilimia 4.5 na kupoteza nyongeza ya kila mwaka ya kufidia kupanda kwa gharama za maisha. Polisi na wazimamoto hawakukatwa, ila nyongeza yao ilipunguzwa. Pigo kubwa lilikuwa matibabu, kwani thamani ya manufaa hayo ilishuka hadi takriban sehemu moja kwa kumi. Wastani wa pensheni ya mstaafu wa kawaida ulikuwa chini ya dola 20,000 kwa mwaka.

Jiji lilitoka katika ufilisi Desemba 2014 likiwa limeondolewa madeni ya takriban dola bilioni 7. Mwaka wa 2024 lilianza tena kuchangia pensheni kutoka kwa bajeti yake.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inazipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo, na inazizuia kukopa bila dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti. Lakini kukosa kuwasilisha michango ya pensheni ni kukopa pia, tena bila kumwomba ruhusa mwenye fedha. Dawa ya deni ni kulipa. Jiji lisipolilipa kwa wakati, atakayelilipa hatimaye ni mzee aliyekwisha kulitumikia.