Nani kasema Kilwa haina ng'ombe?

Jamani, ukimwambia mtu umetoka Kilwa atakuuliza habari za pweza, korosho na magofu. Hakuna atakayekuuliza habari za maziwa. Hata mimi, pamoja na digrii yangu, niliamini Kilwa na ng'ombe ni vitu visivyokaa pamoja. Tena nikiri kabisa: nimewahi kuandika habari gazetini nikawaita wafugaji wa huko "wavamizi". Majuzi nilishinda kutwa nzima kwa familia moja ya wafugaji, kusini mwa Nangurukuru, na neno lile limeanza kunikwama kooni.

Nilifika alfajiri. Vijana wawili walikuwa zizini tayari. Mmoja anamwachia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha anamvuta pembeni na mwenzake anakamua. Ng'ombe wenyewe ni hawa wetu wa asili, wenye nundu, na mmoja hatoi zaidi ya lita mbili.

"Usizidharau, mwanangu," mzee mwenye mji aliniambia. "Hizo lita mbili mbili ndizo zilizowasomesha hawa."

Maziwa yanachujwa, yanatiwa kwenye madumu, kijana anapanda pikipiki kuyawahisha Nangurukuru na Masoko kabla jua halijawa kali. Yanayobaki mama anayagandisha, mengine anayatikisa kwenye kibuyu mpaka siagi itoke.

Familia hii ni Wasukuma waliokuwa Usangu, Mbeya. Mwaka 2006 serikali ilianza kuwaondoa wafugaji kwenye bonde la Usangu na Ihefu, kwa hoja kwamba mifugo inakausha Ruaha Mkuu, mto unaopeleka maji kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopangwa kuwapokea. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na njia ya kurudi ikafungwa. Mama alinisimulia kuwa ng'ombe wao wengine walifia njiani, na wengine walimalizwa na mbung'o baada ya kufika.

"Na mpaka leo tunaitwa wageni," akasema.

Sasa twende nyuma kidogo. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteka Kilwa Kisiwani na kuipora. Maelezo ya safari ile yanataja mifugo waliyoikuta: ng'ombe, kondoo na mbuzi walionona. Kwa hiyo miaka 500 iliyopita wenye ng'ombe walikuwa wenyeji, na wageni walikuwa wenye mizinga!

Sisemi bara yote ilijaa ng'ombe. Mbung'o ni mkazi wa siku nyingi wa misitu ya kusini. Lakini mbung'o anapenda pori, na pori hurudi mahali watu wanapoondoka. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua mifugo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vikaanzia huku huku, milima ya Matumbi, watu wakikataa kulimishwa pamba kwa nguvu. Wajerumani wakachoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Palipokuwa na mashamba pakaota vichaka. Miaka ya 1940 Waingereza nao wakawahamisha watu wa Liwale kwa sababu ya malale, na ardhi yao ikaingia kwenye pori la akiba la Selous. Kwa hiyo upungufu wa ng'ombe tunaouona "asili" ya kusini una mkono wa binadamu ndani yake.

Mchana nilikwenda kwa jirani, mkulima wa ufuta, nikamweleza hayo yote. Akanichukua mpaka shambani, akanionyesha mistari iliyokanyagwa.

"Historia yako nzuri, kaka," akasema. "Lakini ng'ombe hajaisoma."

Sikuwa na jibu. Mzee mwenyewe alikiri kuwa wanyama wake ndio walioingia, na kwamba amelipa. Kiangazi maji yakipungua ng'ombe hufuata mto, na njia ya mtoni inapita kwenye mashamba ya watu. Bila lambo, bila josho, bila mipaka inayoeleweka, hawa wawili wataendelea kugombana mwaka hadi mwaka, na siku moja pataliwa mtu badala ya ufuta.

Nisichokubali tena ni kulitumia neno "mgeni" kama fimbo. Tuzungumzie maji, njia na fidia. Hayo yana ufumbuzi. Mtu akishaitwa mvamizi hakuna anayemuuliza alitolewa wapi na nani.

Jioni nikiwa naaga, yule jirani wa ufuta alikuja na chupa yake. Mjukuu wake anataka maziwa. Mama akaijaza, wakaulizana hali za nyumbani, hela ikabaki ya kesho.

Ndugu msomaji, wewe unasemaje?