Ramani Isiyokuwa Tupu: Mikakati ya Michezo ya Kujenga Miji na Historia ya Ukanda wa Tororo na Busia

1.0 Utangulizi

Kwa zaidi ya miaka 30, michezo ya kompyuta ya kujenga miji na makoloni imewafundisha vijana wengi jinsi mji unavyozaliwa na kukua. SimCity ya Will Wright, iliyotoka mwaka 1989, iliathiriwa na kazi ya Jay Forrester kuhusu mienendo ya miji, iliyochapishwa mwaka 1969. Mwaka 1991 ikafuata Civilization ya Sid Meier. Kutokana na michezo hiyo na mingine iliyofuata, wachezaji wamejikusanyia hekima yao: chagua mahali penye maji na rasilimali, hakikisha chakula kabla ya kujitanua, tanguliza njia za usafiri, usipandishe kodi kwa pupa.

Makala haya yanaipima hekima hiyo kwa historia ya ukanda wa mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia Mbale hadi Busia, yakiitazama kutoka upande wa vijiji vya wakulima kama vile vya Merikit katika Wilaya ya Tororo. Hoja kuu ni kwamba mikakati ya namna hii ilitumika hapa tangu mwanzo wa karne ya 20, na mingine ilifaulu. Kasoro yake imo katika dhana inayoitangulia: kwamba ramani ni tupu.

2.0 Kuchagua Mahali: Kutoka Budaka hadi Mbale

Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeshirikiana na Waingereza, aliingia mashariki mwa Uganda na wafuasi wake mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1901 alijenga ngome Budaka. Serikali ya Himaya ilipokitwaa kituo hicho mwaka uliofuata, Kakungulu alihamia Mbale, chini ya Mlima Elgon. Mchezaji stadi asingechagua vinginevyo. Mito hutoka mlimani, ndizi zinastawi kwenye miteremko, na misafara ya pembe za ndovu ya kwenda Karamoja ilihitaji mahali pa kupumzikia na kununua chakula. Katika miaka michache Mbale iliwavuta wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi.

Hata hivyo, mji huo haukujengwa mahali pasipo watu. Barabara zilizonyooka na miti iliyopandwa kandokando yake zilitokana na kazi ya shuruti ya wenyeji. Mawakala wa Kiganda waliwekwa kuwa machifu juu ya watu ambao hawakuwa na mfalme wala desturi ya kutawaliwa kwa saza na gombolola. Jina lenyewe la Bukedi, lililobandikwa eneo hilo, lilikuwa la wageni na lilibeba dharau kwa mavazi ya wenyeji.

3.0 Reli Hutangulia Mji

Wachezaji wa SimCity ya kwanza waligundua kwamba mtu anaweza kujenga mji mzima kwa reli bila barabara, kwa kuwa reli haina msongamano. Katika historia ya Tororo, reli ilikuwa na nguvu inayokaribia hiyo. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi mazao ya mashariki mwa Uganda yalitegemea vyombo vya majini. Katika miaka ya 1920 njia kuu ilipitishwa Eldoret na kuingia Uganda kwa upande wa Malaba, na Tororo ikawa njiapanda: tawi moja lilielekea Mbale na kufika Soroti mwaka 1929, na njia kuu ikafika Kampala mwaka 1931.

Mawe ya chokaa ya eneo hilo yaliikuza zaidi faida hiyo. Kiwanda cha saruji kilichoanzishwa Tororo katika miaka ya 1950 kilipata malighafi na reli mahali pamoja. Lakini mji uliotegemea njia moja ulidhoofika njia hiyo ilipodhoofika. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kuliuvunja mtandao wa biashara, na kusambaratika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kuliligawa shirika la reli. Mchezaji akikosea huanza upya. Wakazi wa Tororo hawakupewa nafasi hiyo.

4.0 Kodi na Ghala

Katika michezo, kodi ni tarakimu inayopandishwa na kushushwa. Kwa mkulima wa Kiteso, kodi ya kikoloni ilikuwa siku za kazi zilizoondolewa kwenye shamba la wimbi na mtama na kupelekwa kwenye pamba. Pamba iliyoenezwa Uganda kuanzia mwaka 1903 ndiyo iliyoleta fedha za kulipia kodi, na ndiyo iliyokuwa miongoni mwa sababu za kupeleka reli Soroti. Njaa ilipoikumba sehemu kubwa ya mashariki mwa Uganda mwaka 1918 na 1919, ilidhihirika kwamba zao la biashara bila akiba ya nafaka ni msingi wa mchanga. Kanuni ya mchezaji, chakula kwanza, ilikuwa tayari kanuni ya ghala la kila boma la Kiteso. Utawala ndio uliochelewa kuijifunza.

5.0 Mpaka Uliopita Katikati ya Watu

Mwaka 1902 Uingereza iliihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda kwenda Himaya ya Afrika Mashariki, na mwaka 1926 ikauweka mpaka kisheria, sehemu yake ikifuata mito Malaba na Sio. Waiteso na Wasamia wakajikuta pande mbili. Upande wa magharibi walitawaliwa na mawakala wa Kiganda. Upande wa mashariki, na machifu wa Kiwanga. Katika mchezo, mpaka ndio mwisho wa ramani. Katika ukanda huu, mpaka ndio uliozaa mji: Busia ilikua kwa sababu watu waliendelea kuvuka kwenda sokoni, misibani na kwa wakwe. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa na marais wa nchi zote mbili mwaka 2018, kilikuja kurahisisha mwendo ambao haukuwahi kukoma.

6.0 Hitimisho

Historia hii inawahusu washauri wa sera wa leo. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya takriban kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, na Tororo imo tena njiani. Hekima ya wachezaji itafaa: mahali pazuri, usafiri mapema, chakula kabla ya upanuzi. Inahitaji kutanguliwa na kanuni moja ambayo michezo mingi haina, kwamba kabla ya kuchora mstari, mpangaji aulize ni nani analima hapo, ghala lake liko wapi, na jamaa zake wako upande gani wa mto. Fidia ya ardhi, vivuko vya kwenda mashambani na nafasi ya soko la mipakani ziamuliwe pamoja na wenyeji kabla tingatinga halijafika. Mwaka 1901 swali hilo halikuulizwa, na gharama yake ililipwa na wale ambao ramani haikuwaonyesha.