Haki ya kumsubiri chipukizi: historia ya kanuni za kubaki na vijana katika kikapu cha fantasi

Juni 1978, Red Auerbach wa Boston Celtics alitumia nafasi ya sita ya drafti ya NBA, zamu ambayo timu huchagua wachezaji wapya, kumchukua kijana ambaye asingemchezesha msimu ule. Larry Bird alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni Indiana State na hakuwa na nia ya kuukatiza. Kanuni zilimruhusu kuchaguliwa kwa kuwa wenzake walioanza chuo naye mwaka 1974 walikuwa wamekwisha hitimu. Timu tano zilimwacha apite. Zilimhitaji mtu wa kucheza mara moja. Auerbach akangoja. Mwaka uliofuata Bird akaifikisha Indiana State fainali ya vyuo, ikafungwa na Michigan State ya Magic Johnson, kisha akasaini Boston wiki chache kabla ya drafti mpya ambayo ingefuta haki ya Celtics juu yake. Baada ya hapo NBA ikaziba mwanya huo: timu isimchague mwanafunzi ambaye bado hajawa tayari kusaini.

Swali lililoisumbua NBA ndilo linalozisumbua ligi za fantasi za mpira wa kikapu hadi leo. Kijana unayemwamini ni wako kwa muda gani, na kwa gharama ipi?

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza huenda hajawahi kukutana na swali hilo. Kule kila Agosti kila mtu anaanza upya na pauni milioni 100, na mameneja milioni wanaweza kumiliki mshambuliaji yuleyule. Ligi za kubaki na wachezaji haziendi hivyo. Mchezaji ana mwenyewe mmoja tu, msimu ukiisha hafutwi, na uliyemchukua akiwa na miaka 19 anaweza kukubeba mpaka atundike viatu.

Mfumo huo ulitoka kwenye besiboli. Mwaka 1960 mwanasosholojia William Gamson alianzisha mchezo wa wasomi wa kuchagua wachezaji na kushindania takwimu zao. Baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Michigan, na mmoja wa waliocheza naye, Robert Sklar, alimsimulia mchezo huo mwanafunzi wake, Daniel Okrent. Mwaka 1980 Okrent na marafiki zake wakafanya mnada wao wa kwanza New York. Ligi waliipa jina la mgahawa walikokuwa wakila, La Rotisserie Française. Kila mmoja alikuwa na kiasi maalumu cha dola za kujaza kikosi chake.

Katika kanuni zao mna kifungu ambacho binafsi nakihesabu kuwa bora kuliko vyote vilivyofuata. Mchezaji uliyemnunua ulibaki naye mwaka wa pili kwa bei ileile. Kabla ya mwaka wa tatu ulipaswa kuamua: umwachie, umchezeshe mwaka mmoja wa mwisho kwa bei hiyo, au umpe mkataba mrefu zaidi huku bei ikipanda dola 5 kwa kila mwaka unaouongeza. Kijana wa dola 3, ukimwongezea miaka miwili, anakuwa wa dola 13. Bado ni rahisi akiwa nyota, lakini akivunjika goti katikati ya mkataba, hizo dola 13 zinakukaba. Aliyeona mapema alilipwa, ila hakupewa nyota wa bure maisha yake yote.

Kikapu kilipoingia katika fantasi kilikuta takwimu zimekwisha kupanuka. NBA ilianza kuhesabu rasmi mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973–74, na mitupo ya pointi tatu ikaja msimu wa 1979–80. Lakini kikapu kilileta shida ambayo besiboli haikuwa nayo kwa ukali ule. Uwanjani wako watano tu kwa kila upande, hivyo mtu mmoja ana uzito mkubwa mno. LeBron James aliingia mwaka 2003 na zaidi ya misimu 20 baadaye alikuwa bado anacheza. Fikiria ligi iliyoanza mwaka ule ikiruhusu kubaki na mchezaji bila gharama na bila kikomo. Washindani wa mwenye LeBron wangekata tamaa kabla ya mwaka wa tano, na ligi ingekufa.

Ndiyo maana ligi nyingi za kikapu ziliweka gharama. Nyingine zinakudai raundi ya drafti: uliyemchukua raundi ya kumi, mwaka ujao unamlipia kwa nafasi yako ya raundi ya tisa au ya nane. Nyingine zinafuata mnada na kupandisha bei, kama watu wa Rotisserie. NBA yenyewe ilijifunza kwa maumivu. Mwaka 1994 Glenn Robinson, chaguo la kwanza, alisaini Milwaukee mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 68 kabla hajacheza mechi hata moja. Mwaka uliofuata ligi ikaweka viwango maalumu vya mishahara ya wachezaji wapya.

Ugumu zaidi uko kwa vijana ambao hawajafika kabisa. Portland ilimchagua Arvydas Sabonis mwaka 1986. Alifika mwaka 1995, magoti na vifundo vimechoka. San Antonio ilimchukua Manu Ginóbili nafasi ya 57 mwaka 1999, akaja mwaka 2002 na kusaidia kushinda mataji manne. Nikola Jokić, nafasi ya 41 mwaka 2014, alibaki Serbia mwaka mmoja zaidi kabla ya kujiunga na Denver, na baadaye akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu. Ligi ya fantasi inayotaka kumtuza aliyewaona watu hawa mapema huunda kikosi cha chipukizi pembeni ya kikosi kikuu. Wengine huweka ukomo wa miaka: asipofika baada ya miwili au mitatu, anarudi sokoni. Mimi sikubaliani nao. Wekeni ukomo wa viti vya kikosi hicho. Mpeni kila mmoja viti viwili au vitatu, kisha amsubiri amtakaye kwa muda autakao, kwa sababu kiti alichokalia Sabonis kwa miaka tisa hakikaliwi na mwingine. Hiyo ni gharama tosha.

Watanzania tunaijua gharama hiyo kwa jina. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kufika NBA, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Kabla msimu wa kwanza haujaisha Thabeet alipelekwa ligi ya chini kuchezea Dakota Wizards, na Februari 2011 akauzwa Houston. Fahari yetu kwake haikupungua, wala haipaswi kupungua, lakini aliyemweka katika kikosi chake cha fantasi alilazimika kuamua mapema. Aliyekuwa na Curry naye alijaribiwa: msimu wa 2011–12 kifundo cha mguu kilimruhusu kucheza mechi 26 tu, na wengi wangemwachia. Mwaka 2015 alikuwa mchezaji bora wa ligi.

Kuna kasoro moja ambayo kanuni za kubaki na vijana huzalisha kila mahali: anayejenga kesho huanza kupoteza leo kwa makusudi ili apate nafasi ya juu ya drafti. NBA ilijibu mwaka 1985 kwa kuanzisha bahati nasibu ya kugawa nafasi za juu za drafti, na ligi za fantasi zilizo makini zimeiga.

Ukitaka kuanzisha ligi ya namna hii na wenzako wa kazini au mtaani, andikeni kanuni za vijana kabla ya drafti ya kwanza: idadi ya viti, bei inavyopanda, na siku ya mwisho ya kutangaza mnaobaki nao. Mkikubaliana kubadili kifungu msimu ukiwa umeanza, kianze kutumika msimu unaofuata, ili asiyumbishwe aliyekwisha kulipia subira yake.