Kipushi: kutoka posho mpaka meka

Zamani, mama wa mtumishi pale Kipushi hakuhangaika sana kuchagua unga. Kampuni ilimchagulia. Mgodi ulianza miaka ya 1920, na Union Minière iliwaweka watumishi kambini pamoja na bibi na watoto. Kila jamaa ilipata posho kulingana na hesabu ya watu nyumbani. Gécamines iliendeleza desturi hiyo.

Mwaka 1993 mgodi ulifungwa. Mishahara ikakatika, posho ikaisha. Sasa mama alisimama sokoni na franga chache mkononi: anunue mfuko mzima ao meka moja? Unga wa hapa ao ule unaovuka mpaka kutoka Zambia? Kwa kilo, mfuko ni nafuu zaidi. Lakini franga za leo zinatosha meka ya leo tu.

Mwaka 2024 mgodi ulianza tena kutoa zinki. Hata hivyo jamaa nyingi, na zaidi zile zilizohama bila akiba, bado zinanunua kwa meka. Si kukosa akili. Ni kukosa franga za pamoja. Jamaa tatu zikichanga, mfuko mmoja unagawanyika, na kila nyumba inabakiza kitu cha kesho.