Okidi ya Nyamache haiunyonyi mti

Hivi majuzi nilipanda bara hadi Nyamache, kule Kisii, kumjulia hali mwenzangu niliyesoma naye stashahada. Nyuma ya nyumba yao, kando ya shamba la chai, umesimama mti mmoja mkubwa wa asili. Nilimkuta mamake na panga mkononi, ataka kubandua mmea ulioganda kwenye tawi.

"Mwanangu, huu waninyonyea mti wangu."

"Mama, ngoja kwanza tuutazame."

Mizizi yake ilikuwa minene, ya kijivu, imelala juu ya gome bila kupenya ndani. Tukaimwagia maji, ikageuka kijani. Kimelea huingiza mizizi ndani ya mti. Okidi kama hii hunywa mvua na ukungu, na mti kwake ni makao tu.

Kujua ni okidi ipi ndiyo kazi. Shina lilikuwa fupi, majani mapana kuelekea nchani, na ncha ya kila jani imegawika pande mbili zisizolingana. Maua meupe kama nyota yalining'inia kwa safu, kila moja na mkia mwembamba nyuma yake, mrefu kuliko kidole changu cha kati. Nikaelemea Aerangis brachycarpa. Mkia wake hufika sentimita 12 hadi 20, na makao yake ni misitu ya nyanda za juu, kiasi cha mita 1,500 hadi 2,300. Nduguye, Aerangis thomsonii, pia hukaa nyanda za juu, lakini shina lake hurefuka na majani ni kama mikanda. Atazamaye ua peke yake atawachanganya. Piga picha ya ua kwa ubavu, jani, mizizi na mti wenyewe, uwapelekee wataalamu wa mimea wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Usiling'oe.

Magharibi ilipoingia, maua yakaanza kunukia hata nikakumbuka asumini za kwetu. Harufu ile huwaita nondo wenye ulimi mrefu, kwani asali imo ndani ya mkia. Darwin aliona okidi ya Madagaska yenye mkia wa namna hii, na mwaka 1862 akabashiri kwamba yuko nondo wa kuufikia. Alikuja kutambuliwa mwaka 1903, Darwin keshafariki.

Sisi wa Pwani tunayo yetu, Ansellia africana, ya manjano yenye madoa ya hudhurungi, hupenda mibuyu na mikoma. Zote zimo katika mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vya mwituni.

Lakini panga la mama halikuwa hatari kubwa. Mwenzangu alikwisha pokea arbuni ya mbao za mti ule, apate nafasi ya mikaratusi. Gome la mkaratusi hubambuka. Mizizi ya okidi itashika wapi? Nilimweleza kwamba ukikatwa, tawi lenye okidi lifungwe kwenye mti mwingine wa gome la kukwaruza, kivulini. Mama akasema atazungumza na mwanawe. Hadi naondoka, arbuni ilikuwa haijarudishwa.